Siku Tuliyochagua Prosesa Nyeusi

Nimekabidhi funguo za chumba cha mitambo. Nimekabidhi pia kitambulisho, na lile koti la mvua la kituo chetu cha redio ambalo halikuwahi kuzuia mvua. Mkuu wenu aliniomba niwaachie ninyi mafundi vijana kurasa mbili za kueleza jinsi ya kununua prosesa iliyotumika, pale kituo kinapokosa uwezo wa kununua mpya. Nimejaribu. Kila nikifika kwenye prosesa nyeusi, kurasa mbili hazitoshi, kwa sababu haielezeki bila Mzee Swaleh na bila mama mmoja wa Nyaramba. Basi mtanivumilia.

Mzee Swaleh alikuwa na karakana ya redio nyuma ya soko la Kisii, chumba chembamba kilichonuka udi na moshi wa kulehemu. Babu yake alifika mjini kuuza nguo, akaoa hapa, akabaki. Mzee mwenyewe alizungumza Ekegusii, lugha yetu, bila kukwama, na Kiswahili chake kilinifanya mimi niliyejifunzia shuleni nione haya kufungua mdomo. Nilifika kwake na cheti cha chuo cha ufundi kwenye bahasha. Hakukisoma. Hakunipa hata bisibisi. Alinikalisha kwenye stuli, akaniambia nifunge macho, akawasha redio ya mteja.

"Ina nini?"

"Inakwaruza."

"Inakwaruza wapi? Juu au chini?"

Sikujua kwamba sauti ina juu na chini. Nilikaa hapo wiki mbili nimefumba macho kama mtu anayesali, hadi wateja wakaanza kumwuliza kama msichana ni mgonjwa. Ngoma na besi ziko chini, alinifundisha. Sauti ya mtu iko katikati. Herufi kama s na t ziko juu kabisa, na ukizipoteza hizo utasikia mtu anaongea lakini hutajua anasema nini. Mita alizifunika kwa kitambaa. "Utaangalia baada ya kusikia," alisema. "Usipofanya hivyo mashine ndiyo itakuwa fundi na wewe utakuwa mshika taa."

Kituo chetu kilipofunguliwa, yeye ndiye aliyewaambia wanichukue. Mama yangu kule Keumbu alifurahi, akidhani nitasoma habari. Kwa miaka mingi aliniuliza, "Bosibori, utaongea lini?" Nilimweleza kwamba kazi yangu ni kuhakikisha wengine wanasikika, naye akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimenyimwa chakula kwenye sherehe.

Prosesa, kwa wale mliotoka shuleni juzi, hukaa kati ya studio na transmita inayorusha sauti hewani. Mhubiri akipiga kelele, inamteremsha. Msomaji akinong'ona, inampandisha. Inahakikisha sauti haipiti mpaka wake na kuchafua masafa ya jirani. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayejua ipo. Hata sisi tuliisahau, mpaka radi ilipopiga mlingoti wetu kule juu ya Marani na kuichoma ile ya kwanza hadi ikabaki na harufu tu.

Mpya haikuwezekana. Meneja wetu, Bwana Ombati, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wenye kituo juu yake na vituo vingine vikubwa pembeni yake. Alipata dalali wa vifaa vya vituo vya redio vilivyofungwa, akakubaliana naye alete prosesa mbili Kisii, tuzijaribu kutwa moja, tuchukue moja, naye aondoke na nyingine.

"Mimi nataka kitu kimoja," Bwana Ombati akaniambia. "Mtu akipitisha kidole kwenye redio akitafuta stesheni, sisi ndio tusikike kwanza. Hiyo tu."

Nilimwomba ruhusa tuzijaribu kwa Mzee Swaleh, kwa sababu alikuwa na meza nzuri na kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuchagua bila yeye.

Hapa nitawapa zile kurasa mbili mlizoahidiwa. Kabla ya kuchomeka umeme, tazama swichi ya volti nyuma. Nyingi hutoka Marekani zikiwa zimewekwa kwenye umeme wao mdogo, na ukiipa wetu huo ndio mwisho wake na wako. Fungua kifuniko. Nusa. Harufu ya kuungua haiondoki kwa kupanguswa na kitambaa. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vya umeme, kama zimevimba kichwa. Tafuta sehemu zilizolehemiwa upya, maana huko ndiko ilikougua, na jiulize nani aliitibu. Wacha iwake saa nzima kabla ya kuisikiliza, kwa kuwa mashine nyingi huwa na adabu zikiwa baridi. Na usije na muziki. Muziki husamehe mengi. Njoo na sauti ya mtu unayemjua, anayesoma majina na siku.

Hayo yote tuliyafanya. Nilikuja na rekodi ya Kwamboka, mtangazaji wetu, akisoma matangazo ya vifo. Mnajua wenyewe kwamba hicho ndicho kipindi ambacho hakuna nyumba inayokikosa. Watu huzima hata jiko ili wasikie.

Prosesa ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, yenye mishale badala ya taa. Sauti ya Kwamboka ilitoka imetulia, kila herufi mahali pake. Ya pili ilikuwa nyeusi, ina safu za taa za kijani na nyekundu. Ilipowaka saa nzima tukaipa rekodi ile ile. Sauti iliruka nje ya spika. Ilikuwa kubwa, inang'aa, na kila Kwamboka alipotamka s au t nilisikia kitu kama maji yanayomwagikia kikaango cha moto.

Mzee Swaleh alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamefumbwa kama alivyonifundisha. Akatuomba tuirudishe ya kijivu. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Hii imeziba," akasema. "Kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Ile nyeusi ndiyo ina sauti safi."

Bwana Ombati akapiga makofi. "Nilijua!"

Mzee akafumbua macho akanitazama. "Wewe unasikiaje, mwanangu?"

Nilikuwa nimesikia vizuri. Hilo nataka mlijue, sikukosea. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mtu aliyenipa masikio hayo, na dalali anatazama, na meneja wangu anacheka kwa furaha. Nilijiambia labda spika ndiyo mbovu. Nilijiambia labda anasikia kitu ambacho mimi sijafika kukisikia.

"Ni sawa, Mzee," nikasema. "Nyeusi ni safi."

Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akaanza kukunja waya. Dalali aliondoka na ya kijivu kabla ya adhuhuri.

Tuliifunga nyeusi siku iliyofuata. Mjini tulisikika kuliko wote, na Bwana Ombati alizunguka maduka yote akifungua redio za watu. Kwamboka ndiye wa kwanza kulalamika. "Fundi, kwani mnanifanya nini? Nikijisikia kwenye redio ya nyumbani ni kama mtu anakaanga mayai mdomoni mwangu." Nilipunguza sauti za juu. Wenye kituo wakapiga simu kuuliza kwa nini tumepoa. Nikazirudisha. Kwamboka akaambiwa asome polepole. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miezi, na kila jioni nilipopanda mlimani kukagua transmita niliwasha redio yangu ndogo nikasikia nilichokiidhinisha kwa mdomo wangu.

Ndipo alipokuja Mama Kemunto.

Alifika asubuhi, mama wa makamo ya juu, ameshika mfuko wa unga ambao haujafunguliwa. Alikuwa ametoka Marani, akiwa njiani kurudi kwake Nyaramba alikoolewa. Mlinzi hakujua ampeleke kwa nani, akamleta kwangu na kwa Bwana Ombati.

"Nilikuja kuuliza," akasema, bado amesimama. "Ndugu yangu Zablon alikufa. Nilisikia kwa redio yenu. Mlisema atazikwa Jumatano. Nimeenda jana, Jumatano. Nimekuta kaburi limeanza kukauka."

"Pole sana, mama," Bwana Ombati akasema. "Lakini watu wako hawakukupigia simu?"

"Hawana namba yangu. Na wangekuwa nayo hawangepiga." Akaeleza, bila kupamba, kwamba yeye na Zablon walikosana walipomzika mama yao, juu ya shamba, na tangu hapo hakuwa amekanyaga boma lile. Tangazo lile ndilo lililomtoa. Alikuwa amepanga kusema maneno yake pale mbele ya watu wote, kabla mchanga haujarudishwa. "Sasa watoto wake wananiangalia. Wanafikiri nimengoja baba yao aingie chini ndio nije. Mimi nataka tu mniambie. Ni nyinyi mlisema Jumatano, ama ni mimi nimezeeka?"

Bwana Ombati akanigeukia. "Fundi, tafuta rekodi ya jioni hiyo. Tusikie sote."

Rekodi ya studio huchukuliwa kabla sauti haijaingia kwenye prosesa. Nililijua hilo. Yeye hakulijua. Nilitafuta tangazo, nikabonyeza, na sauti ya Kwamboka ikasema bila doa lolote: Zablon, wa Marani, atazikwa nyumbani kwake siku ya Jumatatu.

Mama Kemunto alisikiliza mara mbili. Mara ya pili midomo yake ilikuwa ikifuatisha maneno.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Akainua mfuko wake wa unga. Bwana Ombati akampa pole tena, akamwita mlinzi amtafutie gari la Nyamira, upande wa kwake. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa na redio ya kaseti mezani, nilikuwa na rekodi ninazochukua hewani kila jioni kwa ajili ya ukaguzi, ningeweza kumsikilizisha kile kilichofika Nyaramba. Sikuinuka.

Alipoondoka niliiweka rekodi ya hewani. Nyaramba iko pembeni kabisa ya eneo letu, kwa hiyo nilipunguza sauti nikaichanganya na mkwaruzo wa redio nyingine, isikike kama inavyosikika huko. Zablon wa Marani atazikwa Juma-, halafu kikaango, halafu u au o, hata mimi niliyeijua siku sikuweza kuapa.

Nilikwenda kwa Mzee Swaleh na redio hiyo mkononi. Alikuwa ametoka kuswali, anakunja kofia. Nilimwekea tangazo.

"Unasikia, Mzee?"

"Nasikia mtu amekufa."

"Unasikia siku?"

Akainama, akasogeza sikio kwenye spika. Binti yake alikuwa ameweka birika jikoni nyuma ya pazia, lile la kupiga filimbi maji yakichemka, nalo lilikuwa likilia kwa nguvu. Mzee hakugeuka. Nilimtazama asivyogeuka, nikaelewa kwamba sauti za juu hazimfikii tena.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka. Ndege ndio walianza kuondoka. Nikadhani wamehama." Akacheka kidogo bila furaha. "Siku ile nilisikia ile nyeusi iko kama mashine zote zilivyokuwa zamani. Lakini sikuwa na hakika. Ndiyo maana nikakuuliza wewe, Bosibori. Nilikuuliza mbele ya watu wote. Nilikuwa nakungoja useme."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe, Mzee."

"Basi tumengojana," akasema, "na mtu mwingine amelipa."

Akasimama, akavaa miwani, akaniambia nikailete mashine.

Tulimwambia Bwana Ombati tunaifanyia usafi. Kwa siku tatu tulirusha matangazo bila prosesa, na Kwamboka akaombwa asicheke karibu na maikrofoni. Ndani ya ile nyeusi kuna kadi tano, kila moja inashughulikia sehemu yake ya sauti. Mzee aliiondoa ya juu kabisa na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Kule nyuma ya kadi, mahali ambapo hatukuwa tumetazama siku ya majaribio, mtu alikuwa ameweka kapasita isiyo saizi yake na kuilehemu kwa haraka. Kadi hiyo ilikuwa haizuii chochote. S na t zilikuwa zinapita zikiwa zimejaa hadi zinapasuka. Kwa hiyo kwenye orodha yangu ongezeni hili: toeni kila kadi, geuzeni, tazameni upande wa pili. Hata mkiona aibu kumchelewesha dalali.

Mikono yake ilikuwa bado mizuri. Alilehemu, mimi nikasikiliza. "Bado, Mzee." Alibadilisha. "Bado. Iko juu kidogo." Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwambia bado. Kila nilipomwambia aliitikia kwa kichwa tu, akafanya tena, na sijui kama nimewahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo. Siku ya tatu nikamwambia, "Hapo." Akazima kifaa chake cha kulehemu, akakaa.

"Sijasikia tofauti yoyote," akasema. "Mbuya mono. Vizuri sana, mwanangu."

Mwezi huo huo alifunga karakana. Wateja aliwaambia ni magoti. Aliishi miaka michache baada ya hapo, na nilipomtembelea tuliongea kwa sauti kubwa juu ya mvua na bei ya sukari. Redio hatukuitaja tena.

Ningetaka kuwaambia kwamba nilikwenda Nyaramba kesho yake. Nilikwenda baada ya wiki sita. Nilikuwa na visingizio vizuri, transmita ni mgonjwa wa kila siku na mtu halaumiwi kwa kumhudumia mgonjwa. Nilimpata Mama Kemunto akichuma majani chai. Nikamsalimu, tukakaa kwenye ukingo wa shamba, nikamsikilizisha rekodi ya hewani. Nikamweleza yote, hata la kapasita, ingawa hilo halikumhusu.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Hakuna mtu angesikia."

"Na siku ile nikiwa kwa ofisi yenu, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende hivyo."

"Ndiyo."

Alivunja kijiti akakitupa. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Akasema tu, "Basi twende ukawaambie watoto wa Zablon."

Tulikwenda Marani siku ya pili yake, yeye mbele, mimi nyuma na redio kwenye mkoba. Bwana Ombati hakujua. Angejua angenizuia, na kwa upande wake angekuwa na sababu. Tulimkuta mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume wa miaka arobaini hivi, akirekebisha ua. Alimwamkia shangazi yake kwa heshima, lakini hakufungua geti. Nikajitambulisha pale pale nje. Nikaeleza. Nikamsikilizisha rekodi, na alipoomba irudiwe nikairudia.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia shangazi yake, wala hakupandisha sauti.

"Sawa. Siku hiyo ilikuwa redio," akasema. "Na ile miaka mingine yote hukuja, Shangazi, hiyo nayo ilikuwa redio?"

Mama Kemunto alishika waya wa ua.

"Hapana," akamjibu. "Hiyo ilikuwa mimi."

Yule mwanaume akaweka nyundo chini, akafungua geti, akaenda nyuma ya nyumba kaburi lilipo. Aliporudi kutuita tulikuta ameweka kiti kando ya udongo, kiti kimoja. Mama Kemunto akaketi. Mimi nikasimama kwenye njia, nikasikia ameanza kusema na ndugu yake kwa Ekegusii, polepole, kila neno mahali pake, nikazima redio na kusogea mbali nisisikie zaidi.